Mdogo Wangu, Pima Mteremko Kwanza

Mdogo wangu mmoja ameniandikia kutoka kaskazini mwa jimbo la Georgia, Marekani. Yeye na mume wake walinunua nyumba mwaka jana, nje kidogo ya Atlanta, kiwanja cha ekari moja na robo. Mume ni dereva wa lori la masafa marefu; anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa usiku, hoi. Yeye mwenyewe anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Nyasi haziwasubiri. Msimu uliopita walipata barua mbili kutoka chama cha wenye nyumba cha mtaa wao, na ya pili ilitaja faini. Wamechoka kusukuma mashine ya mkono saa tatu nzima kwenye jua, na jirani yao ana ziro-tani ya inchi 60 anayomaliza nayo kazi mapema asubuhi. Dukani wameambiwa wanaweza kuchukua ya namna hiyo kwa mkopo wa miezi 48. Swali lake ni moja: "Dada, tuchukue ya inchi 54 au ya inchi 60?"

Halafu mwishoni kabisa mwa ujumbe, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akaongeza kwamba nyuma ya nyumba kiwanja kinateremka hadi kwenye kijito.

Mdogo wangu, mimi nimeanza kukujibu kutokea hapo kwenye kijito.

Wengine mnaosoma ukurasa huu mko Dodoma au Nakuru, na nyasi za nyumbani kwenu zinakatwa kwa fyekeo au kwa mashine ndogo ya kusukuma, basi ngoja niwaeleze kwanza kifaa chenyewe. Ziro-tani ni mashine ya kukata nyasi ya kukalia ambayo kwa kawaida haina usukani. Injini imekaa nyuma ya kiti, visu viko chini ya tumbo, na mbele yako kuna fimbo mbili, moja kwa kila mkono. Kila fimbo inaendesha gurudumu moja la nyuma kupitia giaboksi yake ya mafuta. Ukisukuma zote mbili mbele, mashine inakwenda mbele. Ukisukuma ya kulia ukavuta ya kushoto, inajizungusha palepale iliposimama. Magurudumu ya mbele hayaendeshwi na chochote. Yanafuata tu, kama yale ya kitoroli cha dukani. John Regier ndiye aliyeitengeneza ya namna hii huko Kansas mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kampuni ya Hustler iliyokua kutokana na kazi yake iko hadi leo katika mji wa Hesston, jimbo hilohilo. Ule ni upande wa Kansas wenye mashamba ya ngano, ardhi imelala kama mkeka.

Georgia yako haikulala hivyo. Ina vilima, na udongo wake mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni.

Sasa fikiria unashuka na mashine hii kuelekea kijitoni. Kwenye gari, gurudumu la nyuma likiteleza, bado una usukani wa mbele na kanyagio la breki. Kwenye ziro-tani, magurudumu yaleyale mawili ya nyuma ndiyo yanayokusukuma, ndiyo yanayokugeuza, na ndiyo yanayokusimamisha. Yakipoteza mshiko, umepoteza vyote vitatu kwa pamoja. Magurudumu ya mbele yatageukia popote mteremko unapotaka, na wewe umeshika fimbo mbili zisizokusaidia kitu. Watu hufa kwa namna hii karibu na mabwawa, mitaro na kuta za kuzuia udongo. Mashine inatangulia majini au inapinduka, na mwendeshaji yuko chini yake.

Kwa sababu hiyo, vitabu vingi vya mashine hizi vinakataza kuziendesha kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, na baadhi vinaishia nyuzi 10. Usikadirie kwa macho, macho hudanganya sana kwenye mteremko. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1 na pimamaji. Weka ncha moja ya ubao chini, upande wa juu wa mteremko, kisha inua ncha ya pili mpaka pimamaji ikuambie ubao umelala sawa. Sasa pima kwa futi ya chuma kutoka ncha hiyo ya hewani kushuka hadi ardhini. Ukipata sentimita 18, hapo ni nyuzi 10. Ukipata sentimita 27, umefika nyuzi 15. Rudia sehemu nne au tano, na hasa pale unapopaogopa. Simu nyingi nazo zina programu ya kupima usawa. Ilaze juu ya ubao uliolala kwenye nyasi, usome namba.

Ukikuta sentimita 30 upande ule wa kijito, jibu langu ni kwamba hakuna ziro-tani ya kwenda kule, iwe ya inchi 42 au 60. Acha ukanda wa mita kadhaa kutoka kwenye maji bila kuupitishia mashine yoyote ya kukalia. Panda humo vichaka vya kienyeji vyenye mizizi ya kushika udongo, au pakate mara chache kwa mashine ya kamba ya kushika mkononi ukiwa umesimama kwa miguu yako. Hata trekta dogo la bustani, lile lenye usukani, nalo lina ukomo wake kwenye kitabu, na mara nyingi ni nyuzi hizohizo 15. Tofauti ni kwamba trekta linabaki na usukani wa mbele, kwa hiyo kwenye miteremko ya wastani linakupa utulivu zaidi. Ziko pia ziro-tani zenye usukani, ambazo magurudumu ya mbele nayo yanageuzwa. Cub Cadet wanazitengeneza. Kama sehemu kubwa ya kiwanja chako ina mawimbi ya nyuzi 8 au 10, hizo ziangalie kabla ya zile za fimbo.

Mashine yoyote utakayochukua, dai iwe na nguzo ya kinga, ile ya chuma inayosimama nyuma ya kiti, pamoja na mkanda. Vinakwenda pamoja. Nguzo ikiwa imesimama, funga mkanda. Nguzo ikiwa imekunjwa ili upite chini ya matawi, fungua mkanda, kwa sababu mashine ikipinduka hakuna cha kukukinga na utahitaji kuruka. Mashine nyingi za bei ya chini za nyumbani haziji na nguzo hiyo. Kwenye kiwanja chenye kijito, mimi nisingeinunua isiyo nayo.

Nikitoka kwenye mteremko naenda kwenye geti. Umesema nyuma kuna uzio. Geti la uzio lina upana gani? Mageti mengi ya kutembea kwa miguu huku Marekani yana inchi 36 au 48. Watu wananunua mashine ya inchi 54, inashushwa kwenye trela, na ndipo wanagundua kuwa haipiti kwenda uani. Na jihadhari na namba ya dukani: inchi 42 ni upana wa visu vinapokata. Pembeni kuna mdomo wa kutemea nyasi, na ukiwa umeshushwa unaweza kuongeza karibu inchi 10. Uliza upana wa mashine nzima, mdomo ukiwa juu na ukiwa chini, halafu upime geti kwa mkono wako.

Haya, tufike kwenye 54 na 60. Tupige hesabu pamoja. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Toa nyumba, njia ya gari na ule ukanda wa kijito, utabaki na nyasi za takriban ekari moja. Mwendo mzuri wa kukata ni kama kilomita 8 kwa saa. Hata kama mashine inaweza 11, nyasi zikipitiwa mbio hukatwa vibaya. Punguza asilimia 20 kwa kupitisha mistari iliyopandiana na kugeuza. Mashine ya inchi 42 itamaliza ekari hiyo kwa dakika kama 36. Ya inchi 54, dakika kama 28. Ya inchi 60, dakika kama 25.

Tofauti kati ya ndogo na kubwa kabisa ni dakika 11 kwa wiki. Kwa ajili ya dakika hizo utalipa maelfu ya dola, utatafuta nafasi kubwa gerejini, na utapata tatizo ambalo muuzaji hakulitaja. Kifuniko cha visu kinapokuwa kipana, hakifuati mabonde na vilima vidogo. Kinakwangua juu ya kilima mpaka udongo unaonekana, na bondeni kinaacha nyasi ndefu. Ninyi huko mna Bermuda, na Bermuda hupendeza ikikatwa fupi, kati ya sentimita 2.5 na 5. Nyasi fupi haifichi kosa lolote. (Ile Bermuda, kama hujui, ni ukoka wetu huuhuu wa nyumbani ambao ng'ombe wanaulamba pembeni mwa barabara. Umefika huko, umepewa jina jingine, na watu wanaununua kwa mita.) Kwa ekari moja yenye mawimbi, inchi 42 zinakutosha, na 48 ni nyingi. Jirani yako mwenye 60 huenda ana ekari nne tambarare, au anakata kwa malipo.

Upana ukishaamuliwa, pesa zako ziende kwenye vitu visivyoonekana. Cha kwanza ni giaboksi. Za mashine za bei ya chini zimefungwa, hazina chujio la mafuta, na hazikukusudiwa kufunguliwa. Zikichoka zinabadilishwa, na bei yake inauma. Za daraja la juu zina chujio na mafuta yanabadilishwa. Jina utakalolikuta mara nyingi ni Hydro-Gear, nao wana madaraja kadhaa. Muulize muuzaji kwa upole ni daraja gani lililo chini ya mashine hii, na kama mafuta yake yanabadilishwa. Akishindwa kujibu, huyo anauza rangi na kiti.

Cha pili ni bati la kifuniko cha visu. Kuna la kugongwa kwa shinikizo kutoka kipande kimoja, na kuna la mabamba mazito yaliyochomelewa. Unene hutajwa kwa geji, na geji hizo huhesabiwa kinyume: namba ikiwa ndogo bati ni nene. Geji ya 12 ina unene wa kama milimita 2.7, geji ya 10 kama 3.4. Kwa nyumba moja isiyo na mawe mengi, lile la kugongwa linafaa kabisa, ilimradi uoshe chini yake, maana nyasi mbichi zikigandia humo zinakula chuma.

Injini wanaume wataibishania sana mbele yako. Kawasaki, Kohler, Briggs & Stratton, zote zinakata ekari moja ukizibadilishia oili kwa wakati. Oili ya kwanza mwage mapema, ndani ya saa 5 hadi 10 za mwanzo kama kitabu kinavyosema, kisha ufuate ratiba. Petroli isiwe na ethanoli inayozidi asilimia 10, na usiiache tangini majira yote ya baridi bila dawa ya kuitunza. Visu vinoe kila baada ya saa 20 au 25. Ukiona ncha za nyasi zimekuwa za kahawia siku mbili baada ya kukata, ujue visu vinachana badala ya kukata.

Za betri nazo zisikupite. EGO na Ryobi wanazitengeneza, na California tayari imezuia injini nyingi mpya ndogo za petroli kuanzia modeli za 2024. Kwa ekari moja zinamudu. Hazina oili, hazina plagi, kelele yake ni ndogo, na wewe unayelala mchana utaelewa majirani wanavyoshukuru. Uliza tu bei ya betri mpya kabla ya kusaini, kwa sababu ndiyo gharama kubwa iliyo mbele yako.

Kitu kimoja ambacho wauzaji huona ni anasa, na mimi kwako naona ni lazima: kiti. Wewe unainua na kugeuza wazee usiku kucha. Mgongo wako ndio ajira yako. Ziro-tani ngumu kwenye ardhi yenye mashimo inakupiga uti wa mgongo kila hatua. Tafuta kiti chenye springi na sehemu za kuegemeza mikono, na ukiweza kupata jukwaa la miguu lenye mpira, lichukue. Ukibaki na dola 400 za kuamua kati ya inchi zaidi au kiti bora, nunua kiti.

Sasa wapi pa kununua. Mimi mashine yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka kubwa la vifaa vya nyumba kwa sababu ilikuwa nafuu kwa mamia ya dola. Mwezi wa tatu tangu niinunue, beringi ya mhimili mmoja wa kisu ikaanza kulia, kisha ikaganda. Duka likasema mashine ipelekwe kwa fundi aliyeidhinishwa. Fundi aliyeidhinishwa akasema anawahudumia kwanza wateja walionunua kwake. Ilikuwa Juni. Nilisubiri wiki tano nikiangalia nyasi zinapita magoti, na mwisho nikamlipa kijana wa mtaani aje kukata. Ule unafuu niliumaliza wote, na zaidi. Tangu hapo nashauri wakala mwenye gereji yake, mahali unapomwona fundi na vipuri vimepangwa ukutani. Mwulize: mwezi Juni, matengenezo yanachukua siku ngapi? Na je, mnakuja kuichukua nyumbani, maana mimi sina trela?

Kuhusu mkopo wa miezi 48, usome wote, hasa kama ni ule usio na riba kwa masharti. Kwenye baadhi ya mikopo hiyo, usipomaliza deni ndani ya muda, riba yote ya tangu siku ya kwanza inarudi kwa mkupuo. Mashine ya inchi 42 ya nyumbani kwa kawaida huanzia kama dola 3,000. Za daraja la kati zenye giaboksi na kiti kizuri hufika 5,000 na kitu. Ukiona unahitaji miaka minne kuilipa, huenda umechagua kubwa mno.

Na mume wako, najua watu wetu, lazima amewaza: wikendi nitakata na za majirani, mashine ijilipe yenyewe. Wazo si baya, lakini dhamana ya mashine ya nyumbani mara nyingi hufupishwa sana, au hufutika, pale inapotumika kwa biashara. Kama biashara ni ya kweli, anzeni na mashine ya kibiashara iliyotumika. Ina mita ya saa. Aangalie saa zake, asikilize giaboksi ikishapata moto, apande nayo kilima kidogo aone kama inachoka.

Nimeliacha la mtoto mwisho kwa sababu nataka tulizungumze polepole. Umeniambia una mtoto wa miaka minne anayependa kumpungia mkono jirani akipita na mashine. Nimeona kwa macho yangu baba akikata nyasi na mtoto amempakata, watu wanapiga picha wanacheka. Mdogo wangu, usikubali. Wala baba yake asikubali. Ncha ya kisu kile huzunguka kwa mwendo unaopita kilomita 300 kwa saa. Mtoto akiteleza kutoka mapajani, anaangukia kwenye visu. Na mtoto aliyepandishwa mara moja huamini mashine ni mchezo. Siku nyingine ataikimbilia kutoka nyuma, wakati mama anarudi kinyumenyume na kelele zimemziba masikio. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanashauri kijana awe na miaka 16 kabla ya kuendesha mashine ya kukalia, na watoto wadogo wawe ndani ya nyumba mashine inapofanya kazi. Ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na mtu mzima yuko naye. Kama mume yuko safarini na hakuna wa kumshika mtoto, nyasi zingoje. Faini ya chama cha mtaa inalipika.

Siku utakayoileta nyumbani, zima visu kabisa ujifunze fimbo kwanza kwenye sehemu tambarare, saa nzima, mpaka mikono ielewe. Mkono mzito wa siku ya kwanza hukurusha mbele ghafla. Na ukifika mwisho wa mstari, usizungushe palepale juu ya gurudumu moja. Linachimba nyasi na kuacha kovu la duara. Sogea mbele kidogo, rudi kidogo, kisha geuka.

Basi nakupa kazi kabla hujakanyaga duka lolote Jumamosi hii. Chukua ubao, pimamaji na futi ya chuma, umwombe mume akushikie ncha moja. Uniandikie namba mbili: sentimita ulizozipata kwenye mteremko wa kijito pale palipo pakali zaidi, na upana wa geti la nyuma. Nikizipata hizo, nitakuambia ni mashine gani.